Anaweka Theluji

Raya mwanangu,

Umenipita mlangoni sasa hivi unakwenda Perry Barr kuagana na wenzako, koti hukulifunga, na mie nimejizuia nisikwambie kitu. Nimekaa hapa jikoni, mahali pa mama yako, maana kiti changu umekipakia mabegi. Kesho asubuhi treni itakuchukua mpaka Aberdeen, huko juu kabisa ya Uskoti, kwenye chuo chako, na mie nitarudi hapa Aston, Birmingham, peke yangu. Kwa hiyo nakuandikia sasa, kabla hujarudi, nisije nikakutazama usoni nikaacha.

Habari za soksi nzito na sufuria na kufunga dirisha sikuandikii. Hayo mama yako, Mungu amrehemu, angelikuandikia kurasa tatu, na bado angelikimbilia treni kukukumbusha la nne. Mie nina jambo moja tu, na kulisema kwa mdomo nimeshindwa miaka. Najua kusoma Kiswahili kunakutaabisha. Soma kwa sauti, polepole. Kinaandikwa kinavyotamkwa, na masikio yako yanakijua hata kama macho hayajakizoea. Usimpe mtu akusomee.

Jambo lenyewe ni hili: nataka uzungumze nami. Usicheke kwanza. Najua tunazungumza. Mie nasema Kiswahili, wewe unanijibu Kiingereza, tunaelewana, chakula kinapikwa, mlango unafungwa, siku inakwisha. Lakini mpaka leo tulikuwa na nyumba moja. Nilikusikia ukishuka ngazi nikajua umeamka na hasira au umeamka mzima. Nilikuwekea sahani ukajua sijakasirika. Kuanzia kesho hakuna ngazi wala sahani, kuna simu tu, na kwenye simu hakupiti kitu ila maneno. Naogopa, mwanangu. Naogopa sisi wawili hatuna maneno ya kutosha kujaza hata dakika tano.

Leo mchana ndiyo nimeona tulipofika. Tulikwenda mlango wa pili kumuaga Mzee Kolumu, jirani yetu wa Kiayalandi. Yule mzee kanipokea kazini kabla wewe hujazaliwa, na goti lilipomtoa kazini, kakulea wewe kila theluji ilipoanguka na shule ikafungwa, mie na mama yako tuko kazini. Ulipoingia hukukaa kwenye kiti kama mtu mzima anayekwenda chuo. Umekaa chini kwenye zulia, miguu umeikunja, kama ulivyokuwa ukikaa una miaka sita. Naye, na blanketi lake magotini, akakuuliza: theluji ikianguka huko Aberdeen utaiitaje?

Ukasema kwa Kiayalandi: sneachta.

Na ile ya majimaji, isiyojua kama ni mvua au nini? Flichshneachta. Inayokaa juu ya majani asubuhi, nyeupe, ukiigusa imeshaondoka? Sioc. Na ile punje moja inayotua kwenye mkono wa koti? Calóg shneachta. Na mawe yanayopiga dirisha? Clocha sneachta. Na kile kiua kinachotoka ardhini hata baridi haijesha? Plúirín sneachta. Ulikuwa unahesabu kwa vidole, mdomo wazi, unacheka, na mzee anakutikisia kichwa kama mtu anayesikiliza taarab. Mie nimesimama mlangoni na sinia la halua. Nilikuonea fahari. Kisha, sikufichi, nikaona wivu. Mtu mzima na mvi zangu, namwonea wivu mzee asiyeweza kuinuka kitini.

Tukatoka. Nikakuuliza, "Umefurahi, mamangu?" Ukanambia, "Yeah, it was nice, Dad," ukaingia ndani, ukapanda juu. Hukunikosea adabu. Umenijibu kama unavyonijibu siku zote.

Sasa nikwambie maneno yale yalivyokuja kwetu, maana wewe umeyakuta tu kwenye zulia la mzee. Mie neno theluji nililijua tangu skuli, Wete. Mwalimu alituandikia ubaoni kwamba ipo juu ya Mlima Kilimanjaro, nasi tukaandika kwenye madaftari, basi, imekwisha. Barafu niliyoijua ilikuwa ya ukwaju, ya kufyonza njiani. Nilipofika mji huu nikapata kazi ya majira ya baridi, kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, kwa mkono, mahali ambapo gari haliwezi kupita: ngazi za zahanati kule Newtown, madaraja ya miguu, vilima vya nyumba za wazee. Siku ya kwanza nilipoona chumvi, nyekundunyekundu kama matofali ya nyumba za hapa, inatupwa chini kwa pauro, nilisema Lahaula, watu hawa wameshiba. Na baridi ile! Wanasema Mpemba hakimbii mvua ndogo. Nami sikukimbia, lakini ile haikuwa mvua na wala haikuwa ndogo.

Mwenzangu wa toroli alikuwa Mzee Kolumu, wakati huo bado ana magoti. Si mtu wa maneno mengi. Asubuhi alikuwa anasimama nje ya uwanja wa chumvi, anainua pua, anasema neno moja, nami nikajua tutapakia kiasi gani. Akisema sioc, mkono mwepesi, chumvi ya kunyunyiza. Akisema flichshneachta, chumvi tunaiacha, itasombwa bure, tunachukua mafagio. Akisema leac oighir, ujue ni bamba la barafu limelala juu ya ngazi, chukua mtaimbo na uwe na subira. Na mie, Raya, nikadhani hicho ndicho Kiingereza! Nikajifunza kwa bidii. Nikenda dukani nikamwambia mwanamke muuzaji, naonyesha nje, "Sneachta! Sneachta!" Akanitazama, akamwita mumewe.

Nilipomhadithia mzee, alisimamisha toroli. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinambia ile ni lugha ya kwao, pwani ya magharibi ya Ayalandi, na kwamba miaka yote aliyochimba barabara za mji huu hapana mtu aliyetaka hata neno lake moja. Akaniomba niseme tena. Unajua wenzetu kazini walikuwa hawaiwezi ile sauti ya katikati, wanaigonga kama k. Mie nikaitoa vizuri, kh yetu ya kheri na khofu, nimezaliwa nayo. Akavua kofia akajifuta uso, na baridi ile hapana mtu aliyekuwa anatoka jasho. Tangu siku hiyo akanipa maneno yake yote ya theluji. Nikikosea alikuwa halisemi kosa. Anaendelea na pauro yake, kisha baada ya kitambo analitumia neno lile lile mwenyewe, sawasawa, kama kwa bahati tu, nami nasikia.

Kwao theluji haikai sana, alinambia, upepo wa bahari unaila. Maneno aliyapata kwa bibi yake kando ya moto. Theluji yenyewe, ya kufika magotini, akaja kuiona Birmingham, na wa kumwambia hayupo.

Sasa nikwambie kicheko changu, cha kuwacheka watu wanavyosema, nilikitoa wapi. Nilipokuwa mdogo baba yangu alinitoa Pemba akanipeleka Unguja, kwa ami yangu, nikasome Mjini. Siku ya kwanza nimefungua mdomo darasani, darasa zima likaanguka. Kipemba changu! Walikuwa wananisimamisha niseme tena, niseme tena, na mwalimu naye anageukia ubao mabega yanamtikisika. Nikarudi nyumbani nalia, na ami yangu akanicheka kwa nilivyolia. Nikafanya walivyofanya wengi. Nikakisoma Kiswahili cha Mjini mpaka nikawapita wenyewe, kisha nikawa wa mbele kuwacheka waliokuja nyuma yangu. Wapemba wenzangu. Watu wa bara. Hapa Birmingham, wale ndugu wa Kikongo wanaosali kanisa la Newtown, watu wametoka vitani, wananiamkia kwa heshima, nami nikifika nyumbani nawaigiza mama yako acheke. Alikuwa hacheki.

Sisi watu wa visiwani tuna ugonjwa huo. Lugha tunaiona kama nyumba ya urithi, anayebisha hodi tunamtazama viatu. Tunauita utani. Na utani ni kitu kizuri, siutukani, bila utani nisingelimaliza baridi hata moja hapa. Lakini nimejua, kwa kuchelewa, kwamba mtu mzima ukimcheka anakutukana moyoni, yanakwisha. Mtoto hana la kukutukana. Anafunga mdomo tu.

Unaikumbuka Idi ile? Mie naikumbuka kila Idi. Ulikuwa na miaka sita. Tulialikwa Perry Barr, wanawake ndani, wanaume chumba cha mbele, biriani imeshaliwa, tunakunywa kahawa. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa mazito, na nyinyi watoto mlikuwa mnacheza uani. Ukaja mbio, glavu zimerowa, ukasimama katikati ya wanaume wote wale bila haya, ukasema kwa sauti ya kengele:

"Baba! Mungu anaweka theluji!"

Mmoja akasema, "Anaiweka wapi mama, kabatini?" Chumba kikapasuka. Ningeliweza kunyamaza. Ningeliweza kuinuka nikakushika mkono tukaenda dirishani kuitazama. Lakini niliona haya wasije wakasema mtoto wa fulani hajui Kiswahili, nami nimekisotea hivyo. Nikasema, "Na muulizeni mvua anaitundika wapi!" Nikacheka kuliko wote. Wakasema, "Hebu sema tena, Raya, sema tena!" Wewe hukuwatazama wao. Ulinitazama mie. Kisha ukatazama glavu zako, ukatoka polepole.

Usiku ule ukaomba maji kwa Kiingereza. Nikadhani umechoka.

Mama yako aliningoja ulale. Akanambia, "Baba Raya, leo umeufunga mdomo wa mtoto. Utakuja kuutafuta usiuone." Nikamwambia, "Ah, utani tu ule, ulimi hauna mfupa." Akasema, "Wako hauna. Wake ulikuwa bado mchanga." Hakurudia tena maneno hayo mpaka alipokufa. Angelirudia ningelibishana naye, yangelinipungua. Hakurudia.

Na sikiliza balaa lililobaki. Miaka mingi baadaye nilikuwa kwake tunatazama dirishani, ikaanza kuanguka. Akasema kwa Kiayalandi, tá sé ag cur sneachta. Nikamuuliza neno kwa neno maana yake. Akanambia, anaweka theluji. Kwao ndivyo wanavyosema. Na kitenzi hicho hicho, akasema, ndicho wanachotumia wakitia viazi ardhini vikaote. Kumbe hukuropoka, mwanangu. Ulilichukua neno kwa mzee wa watu, ukalivalisha Kiswahili mwenyewe na akili yako ya miaka sita, ukamkimbilia baba yako nalo siku ya Idi. Nami nikalimwaga mbele za watu. Nilitaka kurudi nyumbani nikwambie saa ile ile. Nikafika, uko juu na muziki wako, nikasema nitamwambia kesho. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mie nimeshakuwa na wajukuu tele wa namna hiyo.

Tukawa tunaishi kwa mama yako. "Raya anasema ana mtihani." "Baba yako anauliza utarudi saa ngapi." Tuko meza moja, yeye katikati anapokea huku anatoa kule, na sote tukaona ndiyo kawaida. Alipofariki ndipo tukajua. Siku ya khitma, watu walipoondoka, tulibaki wawili hapa jikoni. Ulinambia maneno mengi kwa Kiingereza, haraka, unalia, na mie niliyaelewa, wallahi niliyaelewa, lakini sikuwa na la kukurudishia. Kiingereza changu ni cha chumvi na toroli. Najua kumwambia mtu apishe, najua kumshukuru mtu kwa chai. Sina Kiingereza cha kumfariji mtoto aliyefiwa na mama yake. Na Kiswahili nilicho nacho, nilidhani umekikataa kwa sababu yangu. Nikakwambia, "Subira, mwanangu," neno nililoambiwa na kila mtu tangu asubuhi na halikunisaidia hata mie. Ukapanda juu. Nikakaa hapa na birika mkononi mpaka likapoa. Hapo ndipo nilipokutupa, Raya, si siku ya Idi. Ya Idi ilikuwa ujinga. Hapa nilikuona unazama nikasimama.

Basi mwezi uliopita, Jumapili, niko kwa Mzee Kolumu, na mwanawe akapiga simu kutoka Australia. Mtoto mwema yule, hapitishi wiki. Mzee anajitengeneza kwa ajili ya simu ile, ananyoa ndevu, anavaa shati la kola, anakaa kando ya meza kabla ya saa yake. Ikalia. Nikasikia yote, maana anaiweka simu kwa sauti kubwa. Hali ya hewa vipi huko? Joto. Na huko? Baridi kidogo. Haya baba. Haya mwanangu. Imekwisha. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi.

Akaweka simu chini akanambia, "Nina maneno mangapi ya kitu kinachoanguka kutoka juu, na mwanangu nimemwambia baridi kidogo." Alikuwa hajawahi kusema na watoto wake lugha yake. Alipokuja kijana kuchimba barabara za hapa, Waingereza walimcheka anavyosema, na hata Waayalandi wa mjini walimcheka, wakimwita mtu wa porini. Akaapa wanawe hawatachekwa. "Niliwakinga na kicheko," alisema, "nikawakinga na mimi mwenyewe." Nikamuaga nikarudi nyumbani, na njia nzima, fupi ile, nikaziona Jumapili zangu na wewe.

Sasa sikia la leo, ndilo lililonikalisha hapa. Ulipokwisha kupanda juu nilirudi kwake kuchukua sinia. Nikamuuliza waziwazi, maana wivu ulikuwa umenikaba: "Umefanyaje hata Raya hajasahau hata neno moja? Mie baba yake nimemsemesha kila siku ya maisha yake, naye hanijibu."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akasema, "Sikumfundisha kitu. Tulikuwa tunabadilishana. Mimi nampa moja, yeye ananipa moja."

Nikamuuliza, "Moja la nini?"

Na yule mzee, Raya, kwa ulimi wake ule wa mawe na viazi, akanambia kwa Kiswahili, "Theluji. Barafu. Mvua ya mawe." Akafumba macho akivuta mengine. "Babu, chai tayari. Pole na goti. Usiinuke, nitafunga mimi." Akafungua macho akasema, kwa Kiingereza tena, "Ananicheka sana ninavyosema. Zamani alikuwa anaanguka hapo kwenye zulia kwa kicheko. Hata juzi. Anasema mimi ndiye mwanafunzi mbovu kuliko wote Birmingham." Kisha akaniuliza, hana habari na kitu, "Kwani kwako hasemi?"

Nilichukua sinia langu nikatoka, nikasimama uani kwetu. Miaka yote hii nimeomboleza Kiswahili chako kama maiti, nacho kizima, kinachemsha chai nyumba ya pili. Ukuta mmoja. Nimelala upande wa pili wa ukuta huo. Sauti yako ya Kiswahili, sauti ya mwanangu aliyekua, mara ya kwanza nimeisikia leo, na nimeisikia kutoka kinywani mwa mzee wa Kiayalandi asiyejua hata anachonipa. "Pole na goti." Una upole kama wa mama yako. Sikuujua.

Nilikasirika kwanza, sikufichi. Nikasema, mtoto huyu ana roho ngumu. Nikazunguka uani. Baadaye nikaona ni mie mpumbavu. Ulikwenda kusema mahali ambapo mwenye kukosea alikuwa mwingine na mwenye kucheka ulikuwa wewe. Mtu gani mwenye akili asingelikwenda huko? Mie mwenyewe kwenye toroli nilikwenda kwa mtu huyo huyo, maana hakunicheka.

Huko uendako utachekwa. Watakucheka Kiingereza chako cha Birmingham, nimewasikia kwenye televisheni wakiiga lafudhi ya mji huu na watu wanapiga makofi. Usiifute. Mie niliifuta yangu, na Pemba nikienda sasa watu wangu mwenyewe wananiona mgeni. Na itafika siku ataingia mwingine nyuma yako, anayesema vibaya kuliko wewe, na chumba kizima kitakungoja wewe utie neno la kuchekesha. Ulimi utakuwasha. Mie sina cha kukuhukumu siku hiyo, nakwambia tu kwamba mie nililitia.

Sikuombi uniambie samahani imepokelewa. Sikuombi hata useme Kiswahili kizuri. Nasikia mlango wa geti, huenda ni wewe, kwa hiyo namalizia.

Jumapili ukipiga, usiniulize hali ya hewa. Mie ndiye nitakayeanza kusema, na nitasema Kiingereza, kile changu cha toroli. Nitakwambia kwa Kiingereza hicho yale niliyoshindwa kukwambia siku ya khitma, yote, na nitakosea kila mahali, na baadhi ya maneno sitakuwa nayo kabisa, utanipa wewe. Nicheke, Raya. Usinihurumie, nicheke mpaka uanguke.

Kisha, ukishachoka kucheka, nijibu.

Baba yako